Adabu za Mzee Uwesu

Mzee Uwesu alipomsalimia baba kwa heshima, mtaa wetu mzima wa Ng'ambo, hapa Tabora, ulijua kuna jambo baya limetokea.

Tangu kabla sijazaliwa, salamu yao ya asubuhi ilikuwa nyingine kabisa. Mzee Uwesu ni fundi baiskeli. Akishaning'iniza matairi yake upande wa pili wa barabara, humpigia kelele baba aliyeketi barazani nyuma ya cherehani: "We Mnyamwezi! Kumbe umeamka? Nilishaanza kutafuta koleo!" Baba hainui macho kwenye kitambaa. Hujibu tu, "Nitakuzika wewe kwanza, Mzaramo mvivu." Baada ya hapo kila mmoja huanza kazi akiwa ameridhika, kama watu waliokwisha kunywa chai.

Asubuhi ile Mzee Uwesu alivuka barabara. Alisimama mbele ya baraza letu, mikono ameikutanisha tumboni.

"Assalaam aleikum, Mzee Mfaume. Umeamkaje? Watoto hawajambo? Na kazi zinakwendaje?"

Baba alijichoma sindano kidoleni.

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, hilo halihitaji maelezo. Wazee wa hapa husema utani huo ulianzia njiani, enzi za misafara, babu zetu walipofika Pwani na mizigo kichwani, miguu imevimba, na wenyeji wakawapokea kwa chakula na kejeli. Mzee Uwesu mwenyewe amezaliwa hapa hapa Tabora. Baba yake alikuwa mtu wa reli. Bahari ameiona mara moja, alipopelekwa kutibiwa macho, tena anasema hakuiona vizuri. Lakini kwa mambo ya utani yeye ni Mzaramo kamili, na mtani hakasirikiwi. Anaweza kukutukana, akachukua kofia yako kichwani, akala chakula chako. Wewe utacheka, na siku yako ikifika utalipiza.

Baba alikasirika. Hilo ndilo jambo baya lililokuwa limetokea, na chanzo chake ni mpira.

Timu ya Taifa ilikuwa imepangwa katika kundi la timu nne kutafuta nafasi ya kwenda fainali za Afrika. Mbili zingepita. Siku makundi yalipotangazwa, baba alisema letu ni jepesi. Mzee Uwesu akasema ni kweli, jepesi kama mfuko wa fundi cherehani mwezi wa Ramadhani ukiwa bado mbali. Mechi zote tuliziangalia kwenye kibanda umiza cha Sadiki, kile cha mabati kilicho jirani na nyumba ya Mzee Uwesu. Baba hukaa benchi la mbele. Mzee Uwesu hukaa nyuma yake, kidevu karibu na bega la baba, akimmiminia maneno sikioni toka filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Mimi hukaa nyuma karibu na mlango, kwa sababu wanaume wakishangilia hawatazami wanakokanyaga.

Mechi ya tano, ugenini, tulifungwa mabao matatu. Tukabaki nafasi ya tatu, pointi moja nyuma ya timu moja ya kisiwani iliyokuwa ya pili, na mechi moja tu mbele yetu.

Kesho yake Mzee Uwesu alileta msiba. Alikuja na mkeka, na juu ya mkeka kulikuwa na jezi ya baba ya Timu ya Taifa ambayo nilikuwa nimeifua na kuianika. Alikuwa ameifunika, kama sanda, kipande cha bafta alichookota chini ya meza ya baba mwenyewe. Vijana wawili walishika mkeka huku na huku. Mzee Uwesu alitangulia, kajifunga khanga ya mkewe kiunoni, analia kwa sauti iliyofika hadi sokoni.

"Ametutoka jamani! Ametutoka angali kijana! Hata kombe moja hakulionja!"

Watu walitoka majumbani. Mtu mmoja alisema dua zisiguswe, mzaha uishie kwenye kulia, na Mzee Uwesu akakubali. Akalaza mkeka barazani, akatangaza kwamba cherehani haitazunguka mpaka watani walishwe. Baba alikuwa akitabasamu. Hata uzi aliuweka chini.

Lakini watani msibani huwa hawaishii kulia. Huigiza. Mzee Uwesu aliigiza beki wetu alivyoteleza kwenye bao la pili, watu wakashikilia mbavu. Kisha akaketi kwenye kigoda, akatazama mbele kama anatazama runinga, akainama polepole kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa makubazi. Alizidi kufunga kamba ambazo hazipo, na mabega yake yakawa yanatetemeka.

Nilijua ni nani. Wote waliokuwa kwa Sadiki walijua. Baada ya bao la tatu baba alikuwa ameinama hivyo hivyo kuficha machozi, kwenye makubazi yake hayo, na alidhani hakuna aliyemwona.

"Toka barazani kwangu, Uwesu," baba alisema.

Watu walicheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo.

"Toka!" Na mguu wake ukausukuma mkeka mpaka jezi ikaanguka vumbini.

Kicheko kilikatika. Mzee Uwesu alifungua khanga kiunoni. Aliiokota jezi, akaikung'uta, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza ya cherehani. "Samahani, Mzee Mfaume," alisema. "Nimekosa." Akaondoka na mkeka wake kwapani. Asubuhi iliyofuata ndipo akaja na salamu zile.

Zilifuata wiki za adabu. Mzee Uwesu alimpisha baba njiani. Alimwita "mzee wangu" mbele za watu. Msikitini alimsogezea kandambili zake ili asihangaike kuzitafuta. Siku moja baba alijikaza, akamwita kutoka barazani, "We Uwesu, hiyo baiskeli unaitengeneza au unaibembeleza ilale?" Mzee Uwesu alisimama wima na spana mkononi. "Ahsante kwa kunikumbusha, Mzee Mfaume. Ngoja niongeze bidii."

Baba aliingia ndani, akakaa kitandani.

Jioni moja Bi Mwanne, mke wa Mzee Uwesu, alikuja kwetu kupitia uani. Baba alikuwa akipiga pasi ya mkaa, mimi nashona vifungo.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu Najiat. Shemeji, nimekuja kukulalamikia. Mume wangu amekuwa na adabu mpaka nyumbani. Jana kanishukuru kwa chai."

"Si vizuri?" baba alisema.

"Vizuri nini? Tangu anitoe kwetu niingie kwake hajawahi kunishukuru kwa chai! Nimelala jicho moja wazi. Mtu wa hivi, kama hajaoa mke mwingine, basi anaumwa."

"Nimwambie nini, shemeji? Nimekwisha kumwomba radhi mara mbili. Anasema, 'Usijali, mzee wangu.'"

"Radhi ya nini! Wewe ndiye uliyekasirika, kwa hiyo wewe ndiye unayedaiwa utani. Mfanyie ubaya. Mfanyie jambo ambalo yeye naye angekuwa na haki ya kukasirika, tuone kama atakasirika. Hakuna njia nyingine."

Alipoondoka, baba aliweka pasi pembeni. Tatizo lake nililijua. Baba ni mtu wa kujibu. Miaka yote Mzee Uwesu ndiye aliyeanzisha, yeye akarudisha, na wala hakuwahi kuanzisha ubaya wowote wa maana peke yake.

"Naji," aliniita baadaye, "wewe umesoma chuo. Nitajie jambo baya."

Nilifikiri sana. "Mwambie ana masikio makubwa."

"Hayo ni matusi. Utani sio hivyo."

"Basi mfungie kufuli kwenye baiskeli moja."

"Ya mteja? Mteja kakosa nini?"

Tulishindwa wote wawili. Nilimwonea huruma mpaka nikakosea vifungo, nikaviweka upande mmoja na matundu yake.

Mtu wa nje angeuliza, kwani ni lazima? Baiskeli ziko mjini tele, na mafundi wake. Lakini mimi nakumbuka mama alipofariki. Baba hakula. Watu walikuja na sahani, wakarudi nazo. Dada zake walilia mlangoni, shehe alizungumza naye, na bado hakula. Ndipo Mzee Uwesu akaingia jikoni, akatoka amevaa khanga ya mama na kilemba chake, akashika kiuno kama mama alivyokuwa akishika, akasema kwa sauti ya mama hasa: "Mfaume! Chakula kinapoa, mimi si mpishi wa hoteli!" Nyumba nzima iliganda. Kisha baba akacheka. Alicheka huku machozi yanamtoka, akanyoosha mkono, akala. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeweza kufanya vile bila kufukuzwa. Mtu huyo sasa alikuwa akimsogezea kandambili.

Siku ya mechi ya mwisho ilifika. Hesabu yake tuliijua wote, maana Bwana Ngollo alitueleza kila aliyepita. Bwana Ngollo ni mkulima wa pamba wa Nzega, na kila mechi hupanda basi kuja kuangalia Tabora kwa kuwa anaamini akiangalia Nzega timu itafungwa. Mechi zote tulizofungwa aliziangalia Tabora, lakini hilo halikumsumbua.

"Sisi tushinde," alieleza, simu yenye redio iko sikioni, "na wale wa kisiwani wasishinde. Wao wanacheza na vinara saa hii hii. Wakitoka sare, tunapita. Wakifungwa, tunapita. Wakishinda, mimi narudi Nzega kwa miguu."

Kibanda kilijaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha. Baba alikuwa mbele. Nyuma yake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja ambayo hakuna aliyethubutu kuikalia. Mzee Uwesu alikuwa upande wa pili kabisa, kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

Tulifungwa bao mapema. Kibanda kikaguna.

"Poleni sana, Mzee Mfaume," ilisema sauti ya upole kutoka ule upande. "Ndiyo mchezo."

Nilimwona baba akishika kingo za benchi kwa mikono miwili. Nafikiri angevumilia mabao kumi kuliko ile pole.

Kipindi cha pili tulisawazisha. Watu walirukiana, benchi likapinduka. Mzee Uwesu naye aliruka. Alikuwa amekwisha kumgeukia baba, kidole kimenyooka, mdomo wazi, jicho linawaka, na mimi nikashika kifua nikisubiri. Neno lilikuwa pale mdomoni. Kisha nikamwona akilimeza. Alifunga mdomo, akakunja kidole, akapenya katikati ya watu, akampa baba mkono.

"Hongera, Mzee Mfaume."

Baba aliupokea mkono. Aliutazama kwa muda baada ya kuuachia. Halafu akatoka nje.

Watu hawakuamini. Baba hakuwahi kutoka katikati ya mpira, hata mwaka ule kibanda kilipoanza kuungua. Nilidhani anaumwa, nikamfuata. Hakuelekea nyumbani. Alipita kona, akaingia uani kwa Mzee Uwesu bila kupiga hodi.

Bi Mwanne alikuwa ameinamia jiko la mkaa. Sufuria lilikuwa motoni, na harufu yake ilikuwa ya wali wa nazi. Nazi hapa kwetu zinatoka mbali. Kwa Mzee Uwesu zilipikwa kwa nadra, na siku zikipikwa alitangaza kuanzia asubuhi.

"Shemeji? Mpira umekwisha?"

"Bado." Baba aliokota matambara mawili, akainama, akalinyanyua sufuria.

"Wali haujaiva huo!"

"Hivyo hivyo."

Bi Mwanne aliweka mkono mdomoni. Alimtazama baba, akanitazama mimi, akaelewa. "Basi chukua na kifuniko," alisema, "majivu yasiingie." Baba alipofika mlangoni, ndipo mama wa watu alipokumbuka wajibu wake. "Mwizi!" alipiga kelele, huku kicheko kinamkaba. "Jamani, mwizi wa wali!" Kwa bahati mtaa mzima ulikuwa mpirani.

Baba hawezi kukimbia, goti lake moja ni bovu. Alikwenda mwendo wa haraka wa kuchechemea, sufuria mbele, kanzu yake nyeupe imekwisha kupata masizi kifuani. Mimi nyuma nilikuwa nikisema, "Baba, polepole, utaungua," naye akisema, "Wali unapoa, Naji, wali unapoa."

Tulikuwa hatujafika mlangoni kibanda kilipolipuka.

Sijapata kusikia kelele kama ile. Mabati yalitetemeka. Watu walitoka nje wakikimbia bila kujua wanakokwenda, wakarudi ndani. Tulipochungulia, runinga ilikuwa rangi ya buluu tupu, kwa maana walioruka walikuwa wamekumba meza na waya wa king'amuzi umechomoka. Sadiki alikuwa chini ya meza akitukana kwa sauti ya kushangilia.

"Nini?" baba aliuliza. "Imekuwaje? Nani kafunga?"

Hakuna aliyemjibu. Mzee Uwesu alikuwa juu ya kiti cha plastiki, kofia mkononi, anaimba. Aligeuka, akamwona baba mlangoni. Akaona sufuria. Wimbo ukafia njiani.

"Sufuria hilo si langu?"

Waliokuwa karibu walinyamaza, na waliokuwa mbali wakanyamaza kwa kuwaona wa karibu. Nilijua baba hakuwa ameandaa neno lolote.

"Lilikuwa lako," alisema. Aliweka sufuria juu ya benchi la mbele, akafunua kifuniko, akachota wali kwa vidole, akavipuliza, akala. Alitafuna kwa muda mrefu, huku tunamtazama. "Tena hauna chumvi."

Mzee Uwesu alishuka kwenye kiti taratibu. Alikuwa na haki ya kukasirika, tena mbele ya mashahidi, na kama angekasirika wangekuwa sawasawa, lakini utani ungeishia pale. Alikuja mpaka mbele ya sufuria. Aliutazama wali. Aliitazama kanzu ya baba yenye masizi.

"Mfaume."

"Naam."

"Wali huu mbichi."

"Najua."

"Na bado unautafuna."

"Najua, Uwesu!"

Mashavu ya Mzee Uwesu yalianza kucheza. "Bwana we," alisema, na sauti ikampasuka katikati, "yaani Mnyamwezi hata kuiba hajui! Mwizi gani huyu anaiba chakula kabla hakijaiva? Ungengoja nikupakulie!" Akaanguka kwenye benchi, kwenye ile nafasi iliyoachwa wazi nyuma ya baba, akicheka hadi akakosa pumzi, na baba akicheka na punje za wali mdomoni. Kibanda kizima kikacheka, wengine wakilia. Mimi nililia kidogo, lakini nilikuwa mlangoni, hakuna aliyeniona.

Sadiki aliporudisha picha, mwamuzi alikuwa anapuliza filimbi ya mwisho. Mbili kwa moja. Tukamgeukia Bwana Ngollo, aliyeziba sikio moja na kubandika simu kwenye jingine, macho kayafumba.

"Bado wanacheza... Sare... Wanapiga kona, wale wa kisiwani... Mayo! Mayo wane!" Hatukujua anamwita mama yake kwa furaha au kwa msiba, mpaka alipoitupa simu hewani. "Sare! Imekwisha sare! Tumepita!"

Walitoka wote barabarani. Pikipiki zilipiga honi toka stesheni hadi sokoni. Baba na Mzee Uwesu walibaki ndani na sufuria katikati yao, wanakula wali wa nazi mbichi kwa mikono, wanalalamika.

"Lakini goli," baba alisema. "Kafunga nani?"

Mzee Uwesu aliacha kutafuna. Uso wake ulianza kung'aa polepole, kama mtu aliyeambiwa amerithi shamba.

"Hukuliona?"

"Nilikuwa kwako naiba."

"Hukuliona!" Alifuta vidole, akajiweka sawa. "Lilikuwa la kichwa. Beki wetu yule yule. Karuka, Mfaume, karuka mpaka nikaona nyayo za viatu vyake."

Kesho yake asubuhi, alipokwisha kuning'iniza matairi, alipaza sauti kwamba ilikuwa penalti. Siku iliyofuata kipa wetu alikuwa amepiga kutoka golini kwake, upepo ukausaidia mpira. Ijumaa, tukitoka msikitini, mpira ulikuwa umemgonga mwamuzi mgongoni na kuingia, na mwamuzi akalazimika kupeana mikono na wachezaji wetu.

Mimi goli lenyewe ninalo kwenye simu. Rafiki yangu wa chuo alinitumia jioni ile ile. Nilisubiri baba amalize suruali moja, nikamsogelea na simu.

"Baba, nikuonyeshe? Ni dakika moja tu."

Aliitazama simu, akatazama upande wa pili wa barabara, ambako Mzee Uwesu alikuwa anapuliza mpira wa tairi huku akikusanya pumzi za mambo mengine.

"Weka, mama," alisema. "Uwesu akigundua nimeliona, kesho atasema nini?" Akavuta kitambaa, akakanyaga cherehani. Hapo hapo ile sauti ikavuka barabara, ikisema kwamba ukweli ni kuwa yalikuwa magoli mawili kwa mpigo mmoja, na baba, bila kuinua macho, akamuuliza la pili lilipita upande gani.